Ruhusa ya Ndugu Arkadi

"Abiria mnaarifiwa rasmi kwamba viti vya behewa la pili vimevishwa vitambaa vipya," kipaza sauti kilitangaza. Ladislaus, aliyekalia kimojawapo katika treni ya Södertälje, Uswidi, mwaka ule wa 1984, hakuona tofauti yoyote, akatega sikio kwa watu wawili waliokaa mbele yake wakizungumza Kiswahili.

Mwanamke alishika barua kutoka Leningrad, Urusi ya Kisovieti, ambayo hakuthubutu kuifungua. "Bwana Ssali, nilifika kule najua kuimba tu. Mwanamuziki wa huko, Arkadi, alinifundisha nota za muziki majira matatu ya baridi, asitake hata shukrani. Kwaya yangu yote ni jasho lake. Nimemwalika aje hapa atuongoze Pasaka, na leo wakubwa wake serikalini wamejibu."

"Lakini dada Gaudiosa, huyo Arkadi wako atunge simfoni za okestra, tena apige gitaa la roki? Mshika mbili moja humponyoka."

"Humponyoka mtu kama wewe! Yeye zote mbili zimemtii."

"Basi fungua, tumshukuru Mungu pamoja."

Treni iliposimama, Gaudiosa alikuwa akiisoma kwa sauti: "Kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imeamua kwamba ndugu Arkadi, mtunzi wa simfoni, anaruhusiwa kusafiri, lakini ndugu Arkadi huyohuyo, mpiga gitaa, atabaki Leningrad."