Fimbo ya Attracta na Kona ya Mbali

Baba Paroko, jamaa, majirani wa Kilcorran na ninyi mliosimama nyuma kwa kukosa nafasi, mimi ni Dympna, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Baba Paroko ameomba yasizidi kurasa mbili, hapo tumejitahidi, na wengine wamepita nyumbani tangu juzi kutuomba kwa upole kwamba mwaka 1985 tuuruke, hapo hatukujitahidi.

Attracta Gilsenan, ambaye kwao aliitwa Cullinane, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Februari 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mabanda ya farasi ya Ballyduggan, hapa hapa Tipperary, akiwa mtoto wa nne na binti pekee wa Mossie Cullinane, mtunza farasi, na mkewe Nonie. Baba yake hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kumrithisha, alikuwa na fimbo yenye mikato mitatu, na asubuhi ya kila siku ya mbio aliuzunguka uwanja wa Kilcorran kwa miguu akiichomeka ardhini kila baada ya hatua mia, ikiishia mkato wa kwanza ardhi ni imara, wa pili ni laini, wa tatu ni matope ya kuvunja mifupa, na binti yake alianza kumfuata akiwa na miaka mitano, kwa viatu vya kaka yake.

Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1946 hadi 1958, akafaulu hesabu na kufeli kushona, na akiwa darasa la mwisho Sista Borgia alimnyang'anya daftari alimokuwa ameandika habari za kila farasi wa Jumamosi ile, akalirudisha Jumatatu, majina ya farasi wawili aliowachagua yeye yakiwa yamepigiwa mstari wa wino mwekundu. Mama alisema mpaka mwisho kwamba sista yule alikuwa na jicho zuri, ila alipenda mno farasi weupe.

Mwezi Septemba 1959 aliajiriwa kupiga chapa katika gazeti la wilaya, na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1963, mwandishi wa mbio alipokutwa amelala kwenye gari lake na hakuamshika, Mama alitoka ofisini, akauzunguka uwanja na fimbo ya marehemu baba yake, akarudi na matope mpaka magotini, akaandika nafasi ya kila farasi ya kushinda katika kila mbio, sentensi moja kwa kila mmoja. Katika mbio saba alipatia tano, na mhariri, ambaye hakuwa mjinga, alimpa ukurasa wa mbio kwa sharti kwamba ausaini kwa jina la Fimbo, ili wasomaji wasijue ni mwanamke, na kwa miaka kumi na moja, kabla haijajulikana, wanaume wa wilaya hii walibishana kwenye baa kuhusu Fimbo ni nani, wawili kati yao wakidai kwamba ni wao.

Mkumbuke alivyoandika, kwa sababu mlikuwa mkikariri, kwamba fulani ana moyo ila hana pumzi, fulani atafika lakini chai itakuwa imeshapoa, fulani anapenda kutangulia kama shemeji kwenye harusi na atachoka kabla ya keki. Hakuwahi kuweka dau, hata la senti moja, kwa maneno yake aliyeweka dau hamwoni tena farasi, anaona anachokitaka, na wapokea dau walimwogopa kuliko mvua.

Jumamosi tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Bartley Gilsenan, fundi wa kupigilia farasi viatu, katika kanisa hili hili, na kwa kuwa desturi ya siku zile ilikuwa mwanamke akiolewa anaacha kazi, ofisini walimfanyia sherehe ya kumuaga na kumpa saa ya ukutani, naye akaipokea kwa shukrani, akaenda fungate la siku nane, akarudi, akaitundika saa ile juu ya meza yake na kuendelea kuandika. Mungu aliwajalia watoto watatu, Fintan mwaka 1967, mimi mwaka 1969, na Oonagh mwaka 1973.

Sasa ni mwaka 1985.

Mwaka ule familia arobaini na mbili za parokia hii zilichanga zikanunua farasi, Kengele ya Jumapili, chini ya uenyekiti wa Bwana Colman Tuohy, nasi tulikuwa na hisa yetu moja, kwa hiyo asije mtu akasema Mama alikuwa nje ya jambo hili. Alikuwa farasi mzuri, hapa Kilcorran hatujapata mwingine kama yeye, na alitakiwa kukimbia Kombe la Mavuno, Jumapili tarehe 22 Septemba. Siku ya Alhamisi, mvua ikiwa imenyesha siku nne, Mama aliuzunguka uwanja, akamtazama farasi akifanya mazoezi, na gazeti la Ijumaa likatoka na sentensi zake mbili, ambazo nazisoma kama zilivyo: "Kengele ya Jumapili ndiye bora kuliko wote, na asishushwe kwenye lori. Kona ya mbali fimbo imezama hadi mkato wa tatu, na mguu wake wa mbele wa kushoto hauko tayari."

Hamkumsamehe, na Jumapili ile, farasi alipozungushwa mbele ya watu, kila aliyemtazama alisema Mungu ambariki, kama tunavyosema sote tukimtazama mnyama wa mtu, kwa sababu asiyesema anadhaniwa kuwa na jicho baya. Mama alisimama kwenye uzio akamtazama, hakusema kitu. Bibi mmoja aliyekuwa kando yake alimwambia kwa sauti ya kusikika, "Attracta, sema Mungu ambariki, ni farasi wetu," naye akajibu, "Mimi nalipwa kuona, kubariki ni kazi ya padri. Mrudisheni kwenye lori." Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa nimemshika mkono.

Farasi alikimbia, alikuwa anaongoza, na kwenye kona ya mbali mguu wa mbele wa kushoto ulivunjika, akamalizwa kwa risasi pale pale nyuma ya turubai. Kabla ya giza kuingia parokia ilikuwa imeshahukumu, kwamba si matope wala si mguu, ni jicho la Attracta Gilsenan.

Wiki ile mhariri mpya alimtaka aombe radhi gazetini, Mama akamuuliza, "Niandike kwamba kona ilikuwa kavu?" naye akamsogezea barua ya kumwachisha kazi iliyokuwa tayari mezani, na Ijumaa tarehe 27 Septemba 1985 Mama aliondoka na saa yake ya ukutani kwapani. Kuanzia hapo alipopita barabarani kulikuwa na watu waliogeuza ng'ombe wao wasitazamwe naye, Baba alipoteza nusu ya wateja wake, Oonagh alirudi kutoka shule na nywele zilizokatwa upande mmoja, na hili tunalisema waziwazi, liliuma, na liliendelea kuuma.

Lakini siku ya mbio iliyofuata Mama aliamka alfajiri, akauzunguka uwanja, akaandika kwa mkono nafasi ya kila farasi kwenye karatasi, akaipigilia misumari getini kwetu, upande wa barabarani, na akafanya hivyo kila siku ya mbio kwa miaka thelathini, hakuruka hata siku ya mazishi ya Baba, mwezi Mei 2004. Nanyi mliosema mdomo wake unaua mlikuja kuisoma mkijifanya mnatembeza mbwa, parokia hii haijawahi kuwa na mbwa wengi wanaotembezwa kama asubuhi za siku za mbio, wengine wakija na mbwa wa kuazima, na Mama akiwachungulia nyuma ya pazia alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Mwezi Novemba 2015 alianza kupungua na kukataa chakula, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya kongosho, na daktari alipoanza kuzunguka maneno Mama alimwambia, "Daktari, mimi kazi yangu ni kukadiria nafasi, nimeifanya miaka hamsini na mbili, sema tu." Daktari akasema huenda akafika Pasaka. Daktari alipotoka chumbani, Mama aliomba kalamu, na nyuma ya karatasi ya dawa akaandika hivi: "Attracta Gilsenan, amekimbia mbali, ardhi nzito, hafiki Pasaka."

Jumapili tarehe 28 Februari mwaka huu Bwana Colman Tuohy alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu 1985, akakaa jikoni na kofia mkononi, nasi watoto wote watatu tulikuwepo. Alisema, "Attracta, daktari wa mifugo aliniambia mguu ule hauwezi. Aliniambia Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, na sikumwambia mtu." Mama akamjibu, "Najua, Colman. Nilimwona daktari akitoka zizini kwako, na uso wake ulisema yote." Tuliposikia hayo Fintan aliinuka kwa hasira akamuuliza Mama kwa nini alikaa kimya miaka yote hiyo, na Mama akasema, "Mimi niliandika. Kama hawakusadiki fimbo, wangesadiki uso wa daktari?" Kisha akamwambia Bwana Tuohy kwamba anamsamehe, lakini siku ya maziko jambo hilo litasomwa, na kama anaona aibu asije.

Amekuja. Amekaa benchi la tatu, na jana alipotuletea shada alisema tusome. Ndugu zake walisema tusisome, tumemsikiliza yeye, na kwa kuja kwake leo tunamheshimu.

Mama alifariki nyumbani Jumatano tarehe 9 Machi 2016, saa kumi na mbili asubuhi, siku kumi na nane kabla ya Pasaka, akiwa na miaka sabini na mitano, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na fimbo moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, hasa muuguzi wa usiku aliyekubali kusomewa majina ya farasi mpaka dirisha likapambazuka, tunamshukuru jirani yetu Bibi Breege Noonan, ambaye hakuwahi kugeuza ng'ombe wake, na wapiga chapa wa gazeti, ambao kila Krismasi walimletea kalenda ya mbio bila mhariri kujua. Jeneza litakapopita katikati yenu, anayetaka kusema Mungu ambariki aseme, asiyetaka akae kimya, yeye mwenyewe hakuwahi kudai.

Leo ni siku ya mbio, na misa hii aliipanga mwenyewe iwe saa tano ili msichelewe mbio ya kwanza. Asubuhi nimeuzunguka uwanja mimi, na kona ya mbali fimbo imezama hadi mkato wa pili, kisha nikaenda makaburini nikaichomeka kando ya Baba, nako ni mkato wa pili, ardhi laini, ile aliyoipenda. Lala humo kwa amani, Mama, hukuua farasi, uliona. Na ninyi wengine, karatasi iko getini, safari hii njooni bila mbwa.