Majembe Yaliyotupwa Kaburini

Ndugu zangu wa vikundi vya misitu, mliotoka milimani na mliotoka nyikani, nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya dini yake. Asiye na dini namsalimu kwa njaa, maana naona wote mnaangalia mlango wa jikoni. Nimeitwa hapa Kilole, Korogwe, nitoe ushuhuda. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni msomi aliyefanikiwa katika utalii wa kijiji. Mwenyekiti ni mtu mwema, ila wakati wa mambo nitakayoyasema hakuwepo.

Kwetu ni kijiji cha upande wa Sindeni, Handeni. Nilisoma chuo kikuu, nikasomea fasihi, nikaandika makala magazetini ambazo mke wangu alizitumia kuwashia jiko. Umri ulipoanza kunishika magoti nikarudi nyumbani kwa mama. Kijijini wakaniita Profesa. Msidhani ni heshima. Kwetu anayeitwa Profesa ni mtu anayeulizwa jambo, anajibu kwa kirefu, na akimaliza mbuzi wameshaingia shambani.

Tuna msitu wa mababu, pana miti mikubwa ambayo imekwisha kwingine kote, na katikati pana mahali pa tambiko. Mkutano wa kijiji ulikubali tusichome mkaa humo, bali tulete wageni watembee, wawaone mbega na ndege, walale kwenye nyumba zetu, wale chakula chetu, na kitakachopatikana kiende kwenye zahanati. Nilichaguliwa katibu kwa sababu najua Kiingereza, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Tukaanza vizuri. Wageni wachache walikuja wakitiririka jasho, wakala bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda wakasema ni tamu sana, na nyuso zao zilikuwa zinasema kitu kingine kabisa. Zahanati ikapata mabati. Hata waliokuwa na tanuri za mkaa walinyamaza, ingawa si kwa kupenda.

Kisha tukataka bango barabarani. Kamati ilikubaliana maneno haya: MSITU WA MIZIMU, WAGENI KARIBUNI. Tukampa kazi fundi wa mabango mjini Handeni. Fundi yule ana herufi nzuri, nene, zinazotaka nafasi, na ubao ukamwishia. Akapunguza maneno. Bango lilikuja juu ya bodaboda, likasimikwa watu wakiwa mashambani, na jioni waliporudi wakasoma: MIZIMU KARIBUNI.

Naona mnacheka. Waliorudi kutoka mashambani siku ile hawakucheka.

Nyinyi wa huku mnajua, lakini vijana mliokuja kutoka Dar niwaeleze. Mizimu kwetu haikaribishwi ovyo. Inaitwa na wenye kazi hiyo, inaambiwa imeitiwa nini, na ikishapewa chake inaagwa irudi. Kuiandikia karibuni barabarani kwa rangi nyekundu ni kuacha mlango wazi ukaenda zako kulala. Tuliling'oa bango kesho yake asubuhi. Wanakijiji wakaniambia, umeshaiita, sasa unaficha barua ya mwaliko?

Mvua za msimu ule hazikunyesha. Mbuzi wakaanza kufa. Halafu mjukuu wa mzee mmoja, sitamtaja, mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote pale kijijini, akashikwa na homa, akafa. Nilikwenda msibani na kanzu yangu. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, akainua uso akaniambia, "Profesa, mgeni wako amefika. Amekula. Umekuja kumchukulia sahani?"

Nikaondoka. Mtoto alikuwa ndani ya nyumba amefunikwa shuka.

Baada ya msiba ule nikatengwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa, ndugu zangu, na hakukuwa na wa kumshitaki. Ilisemwa tu chini ya paa la mzee: atakayemsalimia yule au mtu wa nyumba yake, atakayempa moto, atakayekwenda kwake kwa furaha au kwa msiba, naye ni kama yule. Kesho yake nikaenda kisimani, wanawake wakaondoa ndoo zao wakasubiri nimalize, kisha wakasuuza bomba. Dukani nikawekewa sabuni juu ya jiwe nje. Wageni waliofika walielekezwa njia isiyokwenda popote, wakazunguka juani mpaka wakarudi Handeni. Wenye mkaa wakaingia msituni kwa mlango wa mbele, kwani katibu wa msitu alikuwa hasemeshwi, na asiyesemeshwa hawezi kumkataza mtu kitu. Nilisimama mbele ya shoka nikisema, "Jamani, tulikubaliana." Wakakata kwa kunizunguka, kama mtu anavyolimia pembeni ya kisiki.

Mimi niliyastahimili. Ningeweza hata kuyaandikia makala. Aliyenivunja ni mama.

Mama yangu alikuwa haoni tena vizuri. Kutwa alikaa kizingitini akisuka ukili, na akisikia hatua njiani husalimia. Alikuwa na salamu ndefu, ya kuulizia watoto, kuku na mguu unaouma. Basi akawa anasalimia, na hatua zinapita. Shoga yake waliyesuka naye mikeka tangu usichana naye anapita. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, masikio yangu yameharibika."

"Kwa nini mama?"

"Watu wananiitikia, siwasikii."

Nikamwambia, ndiyo mama, ni uzee, tutakwenda Korogwe hospitali wakakuangalie. Akafurahi. Akaendelea kusalimia, sasa kwa sauti ya juu zaidi, ili na viziwi wenzake wamsikie.

Alifariki alfajiri moja, kimya, wakati wa kiangazi kikali.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna mambo mtu hajui kwamba hawezi kuyafanya peke yake mpaka yamfike. Mke wangu na dada yangu walimwosha. Sanda tulikuwa nayo. Nikaenda kuomba jeneza la msikitini, ufunguo ukawa umepotea. Imamu, mtu mcha Mungu, alikuwa amekumbuka ghafla kwamba ana safari ya Handeni. Nikapiga hodi nyumba kwa nyumba. Ndani nasikia vikombe vinagongana, watu wanakunywa chai. Nikisema, "Mama amefariki, naomba mnisaidie kuchimba," vikombe vinanyamaza. Nikiondoka vinaanza tena.

Nikachukua jembe nikaenda makaburini. Mnaijua ardhi ya Handeni kiangazi. Jembe linalia kama limepiga sufuria. Mikono hii ilizoea kalamu, ikapasuka mapema. Jua lilipofika utosini shimo lilikuwa linanifika magotini, nami ni mfupi. Watu walikuwa wanapita njiani na kuangalia. Kijana mmoja wa tanuri za mkaa akasimama, akasema kwa mwenzake, ili isihesabiwe kwamba amenisemesha, "Profesa anachimba choo cha watalii." Wakacheka wakaenda. Nami nilikuwa nafikiria maiti kwenye joto lile, na nikajua kwamba jua likizama kabla sijamaliza, mama yangu atakuwa mzoga, na kijiji kizima kitaziba pua na kusema tulijua.

Dada yangu ndiye aliyempigia simu mtani.

Mtani huyu ni Msambaa wa hapahapa Korogwe, anauza ndoo na mabeseni sokoni. Ukoo wake na wetu wa Kizigua ni watani tangu mababu. Amekaa pale nyuma, yule anayesinzia. Alifika kwa bodaboda mchana ule amejifunga kanga ya mke wake, kichwani amevaa beseni, analia kwa sauti ya fisi. Akaja moja kwa moja makaburini, akachungulia shimo langu.

"Huu ni mgomba unapanda? Ungesema nikuletee mche. Lakini ardhi yenyewe hii! Ndiyo maana Wazigua mnakufa kwa wingi, hata mauti yanaona afadhali kuwaondoa huku."

Sikuweza kucheka. Nikamwambia hakuna aliyekuja.

"Nimeona. Mama yako alikuwa na mdomo mchafu, lakini si kiasi hicho." Akaangalia viganja vyangu vinavyotoka damu. "Na wewe ndiye mwanamume wa mwisho wa ukoo huu? Basi mmekwisha. Toka humo, unachafua kaburi."

Kisha akaenda kijijini.

Vijana wa Dar, nisikilizeni hapa. Mtani msibani hakatazwi. Anaingia nyumba yoyote, anachukua anachotaka, na mwenye kitu haruhusiwi kukasirika wala kupiga kelele za mwizi. Akitaka kitu chake anakwenda kukikomboa palepale kwenye msiba, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Desturi hii ilikuwepo kabla ya mzee yule na kabla ya babu yake. Na wale waliotoa amri ya kunitenga walisahau kitu kimoja: mtani hatengwi. Utamtenga vipi mtu ambaye kazi yake ni kukutukana?

Aliingia ua kwa ua akikusanya majembe. Nilimsikia kutoka makaburini. "Wanawake mtakaa ndani mpaka lini, mmenuna kama kuku wanaototoa? Leteni jembe! Baba yenu hajui kulitumia, nimeona shamba." Watoto walianza kumfuata, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Kwa mzee mwenye sauti alichukua jembe, kofia ya tarabushi na kiti cha uvivu, huku mzee amekikalia. Alikiinua upande mmoja tu, mzee akasimama mwenyewe.

Akarudi na mzigo wote juu ya bodaboda, na majembe, mimi nikitazama, akayatupa moja moja ndani ya kaburi. Akaweka kiti cha uvivu ukingoni, akakaa, akavaa tarabushi juu ya beseni.

Wakaanza kuja. Walikuja kukomboa majembe yao. Walisimama mbali kidogo, kundi, kila mmoja akiangalia miguu ya mwenzake. Mzee akafika mbele, kichwa wazi.

"Mtani, nipe changu."

"Chako kipi?"

"Jembe langu."

"Liko shimoni. Nani amekukataza kushuka?"

Mzee akaangalia shimo, akaniangalia mimi niliyesimama kando kama mwizi. Akasema, "Huyu mtu ametengwa."

"Mimi nimekuuliza habari ya mtu? Nimesema jembe. Au unaogopa ukishuka hutapanda? Umri wako huo hata mimi ningeogopa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Alijaribu kukificha kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawaambukiza wengine. Mzee akashuka. Akainama kuchukua jembe, na alipoinuka mtani alikuwa amesimama juu yake na koleo limejaa udongo.

"Sasa uko kaburini, baba. Chagua. Uchimbe, au nikufukie? Msiba mmoja, maiti wawili, sanda tutaikata kwenye pazia lako."

Nilidhani atapanda atupige. Mzee akashika mpini, akaangalia kuta za shimo. Nadhani alikuwa anamwona mjukuu wake. Sijawahi kumuuliza na hajawahi kuniambia. Kisha akapiga jembe chini. Akapiga tena. Wengine wakashuka kuchukua yao, na aliyekwishashuka alikuwa hana namna ya kupanda bila kuchimba, kwa sababu mtani alikuwa ukingoni na koleo na mdomo wake. Shoga ya mama akaja na wanawake wengine, akakaa chini mlangoni kwetu akalia kilio ambacho nilitamani mama angekisikia. Ufunguo wa jeneza ulionekana mfukoni mwa mtu. Imamu naye akagundua kwamba safari ya Handeni imeahirishwa.

Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikuwahi kuona mkutano wa kufuta amri. Lakini mtu aliyechimba kaburi kwako na kula ubwabwa wa matanga hawezi kesho yake kujifanya hakujui. Wakaanza kuniitikia salamu, wengine kwa pua. Msitu? Walichokata kimekatwa. Kimebaki kipande, miti minene michache na mbega wanaorukaruka mahali pamoja kama wapangaji waliobanwa chumba kimoja. Wageni wamerudi taratibu. Siku hizi hawaingii mpaka wazee wameulizwa, na siongozi mimi, nakwenda nyuma. Wakiniuliza kijiji kiliwezaje kuulinda msitu, nawajibu kwamba tulielewana.

Namshukuru mke wangu na dada yangu, waliomwosha mama kwa heshima katika nyumba iliyosuswa. Namshukuru mtani, ingawa atanitukana kwa kumshukuru. Mtikiseni, ameanza kukoroma. Namshukuru hata yule mzee, na hilo limenichukua muda kulisema, na leo nalisema nusu.

Somo langu ni fupi, nalo si la chuo kikuu. Mtakaporudi vijijini kwenu kuwaandalia wageni malazi na njia za msituni, kwanza piteni nyumba kwa nyumba. Mwangalie kila mmoja usoni, ujiulize kama angeshuka shimoni kwa ajili ya mama yako. Usipojua jibu, kaa naye kwanza, mle, mgombane, mzikiane. Wenye shoka hawatakungoja umalize, najua, na kwa hilo sina dawa.

Mama yangu alizikwa kabla jua halijazama. Waliomzika ni walewale waliokuwa wanapita bila kumwitikia. Hawakupenda, walilazimishwa, lakini walimzika.

Asanteni kwa kunisikiliza.