Moto Niliowasingizia Warina Asali

Moto ule niliuwasha mimi. Nilikana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nilikana mbele ya ndugu, hata kwenye kitubio nilikana kwa njia ya kutoutaja. Leo, wanajumuiya wenzangu, naomba niseme nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitaanza kutafuta maneno mazuri.

Mnanifahamu. Mimi ni yule mama wa makala za magazetini, anayeishi mjini Moshi na kupanda huku kwenye kihamba, shamba la urithi la marehemu baba yake, akiwa na viatu visivyofaa. Kijiji kilipofungua ukurasa wa tahadhari mtandaoni, nikapewa mimi kuusimamia kwa sababu nimesoma. Mtu akiona moshi anatuma picha na kutaja mahali. Mimi nathibitisha, naweka ukurasani, na simu za kijiji kizima zinalia. Tangazo la kwanza nililitunga mwenyewe: "Usichome shamba bila kutoa taarifa!"

Kiangazi kile nilikuja kusafisha mpaka wa juu wa shamba, kule kunakopakana na msitu. Magugu yalikuwa makavu. Nikasema nichome kidogo tu. Upepo haukusikia "kidogo". Moto ukaruka mpaka, ukashika nyasi.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwetu ukiona moto unapiga yowe. Hakuna mtoto aliyewahi kufundishwa hilo. Lakini yowe lina sauti, na sauti ina mwenyewe. Kila anayefika anauliza, nani kapiga? Na aliyepiga anakutwa palepale, kiberiti mkononi. Ndugu zangu, sikupiga yowe. Nilitoa simu. Nikaupiga picha moto wangu mwenyewe, nikaituma ukurasani bila jina, kisha nikaithibitisha. "Taarifa imethibitishwa." Chekeni tu, hata mimi ningecheka.

Mtandao wa kule juu mnaujua. Alama ya kutuma ilizunguka, ikazunguka, picha haiondoki. Majirani walikuwa hapo chini tu, wanakata majani ya ng'ombe, wangenisikia. Walipofika na matawi na mapanga wakauzima, mizinga ya mzee mmoja jirani yangu ilikuwa imeshateketea pamoja na nyuki wake.

Ukurasa ule una sehemu ya kujaza chanzo cha moto. Nikajaza: "Inadhaniwa ni warina asali." Chuo kikuu nilijifunza kuandika "inadhaniwa" ili mtu asiulize ni nani aliyedhani. Na hakuuliza mtu. Nani asiyejua kwamba warina asali hufukiza moshi? Na mrina asali wa upande ule ni yule mzee, kijiji kikamzuia kukanyaga msituni. Watu wakaacha kumwita kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Aliyeunguliwa ndiye akawa mchomaji.

Akaja kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye mwenye ule ukurasa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi andika kwamba si mimi."

"Nitafuatilia, baba."

Nitafuatilia! Neno lenye adabu zote, miguu halina.

Baada ya mavuno ya kahawa akarudi, safari hii ameshika jani la isale. Kwa wageni waliotutembelea leo: kwetu mkosaji huomba msamaha kwa jani hilo, na ukiletewa huwezi kukataa.

"Nimechoka kusalimiana na migongo ya watu," akasema. "Moto ule sikuuwasha. Lakini kama kukiri ndiko kutanirudisha kwa wenzangu, pokea, uandike mzee ameomba radhi."

Mikono yangu ilikataa kunyooka. Niliyemchomea mizinga ananiomba msamaha mimi, tena ananiita mama.

"Baba, moto ule ni wangu."

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuja kwako kuomba radhi," akasema, akaondoka na jani lake.

Siku hiyohiyo nikaandika ukurasani kwa jina langu kamili. Majibu yalikuja kwa kasi kuliko ile picha. "Kumbe zimamoto ndiye moto!" "Digrii imewaka!" Yote nilistahili.

Nawashukuru kina mama wa jumuiya hii waliokuja kwangu na sufuria ya mtori. Hawakuniambia si kitu. Waliniambia ni kitu, kisha wakanipakulia. Funzo langu ni dogo. Ukurasa wa tahadhari ni mwema, utumieni. Lakini hubeba unachoujaza, na ukiujaza uongo huufikisha hata kwa wasio na simu. Na moto ukiwa mbele yako, anza na mdomo.

Kijiji kilikaa kikao bila mimi. Nilikuwa mjini nachambua mchele, mwenyekiti akapiga simu.

"Mama, tumemaliza. Mzee anarudi msituni kesho."

"Mungu ashukuriwe. Na mimi?"

"Ukurasa tumekunyang'anya."

"Ni haki."

"Subiri, sijamaliza. Jumamosi tunamchongea mizinga mipya. Uje."

"Nitakuja, mwenyekiti. Niandike tangazo?"

Nikasikia mtu akiongea pembeni yake, taratibu.

"Mzee yuko hapa," mwenyekiti akasema. "Anasema utabeba magogo. Kuandika umeshaandika."