Mluzi wa Mwalimu Dorkas

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, iwe jikoni, iwe sokoni Bunda, iwe kando ya ziwa kule Makoko, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake ni Dorkas Boke. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Amefariki wiki iliyopita nyumbani kwa bintiye, mtaa wa Bweri, Musoma, na amezikwa kijijini kwake, nje kidogo ya Bunda. Dorkas Boke, mwalimu wa chekechea. Lishikeni jina hilo.

Hakuwa mpole. Tusimpake mafuta kwa kuwa amekufa. "Mama alikuwaga mkali," anasema bintiye, Justina. "Darasani hakushikaga fimbo hata siku moja. Fimbo yote alitubakizia sisi wa nyumbani."

Alizaliwa upande wa Butiama, kwa baba aliyejaliwa ng'ombe wengi na mabinti watupu. Wavulana hawakuwepo, kwa hiyo mabinti walichunga. Dorkas alichunga ndama kabla hajaota meno ya pili. Uhuru ulipokuja alikuwa msichana mkubwa. Akasoma, akapelekwa Musoma kujifunza malezi ya watoto wadogo, kisha akaolewa Bunda na Luhende, mkulima wa pamba.

Ukaja mwaka wa sabini na nne. Wenye umri wanakumbuka. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakawekwa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Katika kijiji cha Dorkas walikutana Wasukuma, Waikizu, Wajita na Wazanaki, kila mmoja na lugha yake na ng'ombe wake. Shamba la pamba likawa la wote. Akina mama wakawa shambani tangu alfajiri. Je, watoto? Wengine mgongoni, wengine chini ya mipamba, karibu na mapipa ya dawa ya kuulia wadudu.

Siku moja mtoto alikutwa amekaa juu ya kifuniko cha pipa, analamba vidole. Alitapika mpaka jioni, akapona. Kesho yake Dorkas alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Bernado, akaomba ghala la pamba liwe chekechea. Ghala lilikuwa tupu, msimu ulikuwa bado. Mwenyekiti akakubali.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, wasikilizaji wapendwa, na ilianza vibaya.

Dorkas aliwapanga watoto kwa mistari kama alivyofundishwa. Aliwaimbisha a, e, i, o, u mpaka jua linasimama. Alisema Kiswahili, na watoto hawakukijua. Huyu analia Kisukuma, yule anajibu Kijita. Ukigeuka, watatu wametoka dirishani. Ukiwafuata hao, waliobaki wanapigana. Akina mama shambani waliona vichwa vidogo vikija katikati ya mipamba, wakacheka kwa uchungu: "Mwalimu ametuletea tena mizigo yetu!"

Dorkas akakumbuka kwamba kule Musoma kulikuwa na kengele. Kengele ya kuingia, kengele ya uji, kengele ya kutoka. Akaona hiyo ndiyo inayokosekana. Akaokota sahani ya chuma ya plau la kulimia, iliyochakaa, akaitundika mlangoni, na ilipofika saa ya uji akaigonga kwa nguvu zake zote.

Mnaotoka Mara mmeshajua kilichotokea. Katika kijiji kile chuma kiligongwa kwa jambo moja tu. Wezi wa ng'ombe.

Pamba ilitupwa. Wanaume walitoka shambani na mikuki, na mapanga, na pinde. Wanawake walipiga yowe, na vijiji jirani vikajibu. Kikosi kizima kikafika ghalani kinahema, kikamkuta Dorkas mlangoni ameshika upawa.

"Wezi wamepita wapi?" akafoka Ndugu Bernado.

"Hakuna wezi, ndugu mwenyekiti. Ni uji."

"Uji?"

"Uji umeiva."

Wapo waliocheka. Mwenyekiti hakucheka. Kazi ya siku nzima ilikuwa imepotea. Jioni ile mkutanoni alisimama, akasema: "Mwalimu, siku ya pamba ya kwanza kuvunwa, ghala ni la pamba. Nikikuta watoto wametulia, tutazungumza. Nikikuta fujo hii ninayoijua, kila mama atambeba wake."

Dorkas alielewa maana yake. Mgongoni au kwenye mapipa. Ghala lile likirudi kuwa la pamba, watoto wanarudi kwenye dawa.

Alirudi nyumbani amenuna. Njiani akasikia mluzi. Mmoja wa wanafunzi wake, kale kalikotoka dirishani kila asubuhi, kalikuwa kanarudisha ndama. Kalipiga mluzi mrefu, ndama wakageuka. Kalipiga mifupi miwili, wakaingia zizini. Mbele kidogo, mtoto wa Kijita alikuwa anafanya vilevile. Miluzi yao haikufanana sana, lakini maana yake ilikuwa moja. Dorkas alisimama pale njiani kama aliyemwagiwa maji. Watoto hawa walijua siku ina mpangilio. Walijua saa ya maji, saa ya kivuli, saa ya kurudi. Walipofika kwake tu ndipo hakuna aliyewapa kazi.

Ila mwanamke kupiga mluzi, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa aibu. Binti akichunga alisamehewa. Mke wa mtu hakusamehewa. Mama mkwe wake, Bibi Miriamu, alipomsikia akijaribu nyuma ya nyumba, alitoka na ufagio mkononi.

"Mkwe wangu, unaita nyoka au unaita wanaume?"

"Naita watoto, mama."

"Mke wa Luhende apige mluzi kama mchungaji! Nitaficha wapi uso wangu?"

"Ufiche popote, mama. Mimi nimeshauficha wa kwangu tangu siku ya uji."

Asubuhi iliyofuata aliing'oa ile sahani ya plau. Akavunja mistari. Mluzi mrefu: kila mtoto anachukua mkeka wake. Mifupi miwili: kunawa mikono. Mluzi wa kupanda na kushuka, ule wa kupeleka ng'ombe kunywa, ukawa wa uji. Na kila mtoto akapewa kazi. Wawili wa mtungi, mmoja wa kata ya kunawia, mmoja wa kufagia mlangoni. Wale watoro wa dirishani aliwapa kazi ya kulinda dirisha.

"Mimi nilikuwa wa dirisha," anasema Kija, ambaye sasa ni fundi cherehani Bunda mjini, mwenye wajukuu. "Nililinda kweli kweli! Hakupita hata kuku. Nyumbani niliambiwaga kaa, nyamaza. Pale nilikuwa na cheo."

Masomo nayo yakabadilika. Dorkas alileta udongo wa mfinyanzi, watoto wakafinyanga ng'ombe. Wakawahesabu. Wakawagawa: wenye mabaka huku, weusi kule, ndama na mama zao. Kwanza kila mtoto alihesabu kwa lugha ya kwao, kisha wote kwa Kiswahili. Na utaratibu haukubadilika. Jana kama leo, leo kama kesho. Siku za mwanzo bado walilia, na Dorkas alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Hakuacha. Kijijini walimwita Mama Mluzi, na si kwa kumsifu. Hakuacha.

Kisha pamba ikapasuka mashambani.

Ndugu Bernado alikuja asubuhi na mkokoteni wa magunia ya kwanza. Wanaume wakayabwaga mlangoni. Mwenyekiti akasikiliza, akakunja uso. "Mbona kimya? Amewaruhusu watoto?"

Akaingia. Watoto walikuwa chini, wamezungukwa na ng'ombe wa udongo. Hakuna aliyesimama kumwamkia. Walikuwa na kazi. Akapiga hatua mbili, na mtoto mmoja wa kike akamshika suruali.

"Babu, unakanyaga ng'ombe."

Mwenyekiti akanyanyua mguu. Akabaki hivyo, mguu mmoja hewani, fimbo mkononi, hajui aweke wapi. Wanaume mlangoni wakaziba midomo.

Dorkas hakumtazama. Alipiga mifupi miwili. Ng'ombe wa udongo wakawekwa kwenye zizi lao la udongo, mikeka ikakunjwa, watoto wakajipanga wawili wawili kwenda kunawa. Yule binti hakuwa na mwenzake. Akamtazama mwenyekiti, akamshika mkono, akamvuta kwenye mstari. Na mwenyekiti wa kijiji akaenda. Akamwagiwa maji kwa kata, akanawa, akapewa uji, akanywa amechuchumaa kama wenzake.

Alipotoka, wanaume walimuuliza, "Tuingize magunia, mwenyekiti?"

Alifuta midomo. "Pelekeni nyumbani kwangu."

"Kwako, ndani?"

"Mna masikio ninyi?"

Msimu ule wote mke wa mwenyekiti alilala na magunia ya pamba hadi kando ya kitanda, na hakunyamaza kuhusu jambo hilo mpaka kijiji kilipojenga ghala jingine. Chekechea haikuhama tena. Kuhusu Bibi Miriamu, hakumsifu mkwewe kamwe. Ila mtu alipomcheka Dorkas kisimani, bibi yule alisema: "Mluzi wake mbaya, nakubali. Lakini asubuhi nyote mnamwachia watoto wenu."

Dorkas Boke, mwalimu wa chekechea, alifundisha katika ghala lile mpaka magoti yalipomkataa. Justina anasema hata alipokuwa mgonjwa Bweri aliuliza kila asubuhi, "Mmempa nani kazi gani leo?" Na wajukuu walijua kwamba jibu linatakiwa.

Kwako Justina, kwa wajukuu, kwa ukoo wa Luhende na wanakijiji wote, poleni sana. Mmefiwa na mama, na sisi tumefiwa na mwalimu. Mungu ampumzishe mahali pema.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tusimlilie tu. Mtoto hatulii kwa kuambiwa tulia. Hutulia akijua kinachofuata, na akijua kwamba katika hicho kinachofuata ana sehemu yake. Kesho asubuhi, kabla hujamwacha mwanao mlangoni kwa mwalimu, muulize: leo utafanya kazi gani humo ndani? Akikujibu, nenda zako shambani kwa amani. Akinyamaza, usiondoke. Ingia naye, ukae chini, na utazame.