Bibi Mwanaheri Aliyeushtaki Ukoo Wake kwa Ajili ya Shemeji

Punguzeni kidogo kelele za jikoni, wasikilizaji wapendwa, maana leo tuna mtu wa kumshukuru. Wiki hii, kule Mgeta, amezikwa Bibi Mwanaheri Kondo. Mkulima wa kabichi na karoti. Mwimbishaji wa ngoma za mwali. Na ndiye mwanamke aliyeushtaki ukoo wake mwenyewe mahakamani, akashinda. Narudia, wasikilizaji: ukoo wake mwenyewe.

Mnaotusikiliza kutoka mbali, jueni jambo moja. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mwanamume akioa, mara nyingi huhamia kwa mke, akajenga na kulima kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Watoto ni wa ukoo wa mama. Mke akifa, mume anaweza kuambiwa arudi kwao.

Ndivyo yalivyomkuta Stambuli. Alimwoa Mwaisha, mdogo wake Bibi Mwanaheri. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mawe ya msingi akiyapandisha begani kutoka mtoni. Mwaisha alipougua, Stambuli ndiye aliyemwosha na kumnywesha uji, mpaka Mungu alipomchukua. Siku ya arobaini, sufuria za pilau hata hazijaoshwa, kaka wa marehemu, Mzee Pazi, msemaji wa ukoo, akamvuta pembeni. "Shemeji, chukua jembe na shoka lako. Kazi yako hapa imekwisha."

Nasra, binti pekee wa Stambuli na Mwaisha, alikuwa bado msichana wa shule. Yeye ni wa ukoo, kwa hiyo abaki. Baba aende.

"Nilimng'ang'ania baba shati," anakumbuka Nasra. "Mama mkubwa Mwanaheri akaja akasimama mlangoni. Akasema hapa haondoki mtu."

Mzee Pazi akamjibu, "Dada, huyu ni mgeni tu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema Bibi Mwanaheri. "Sisi jembe tulimpa, amelima mpaka mgongo umepinda. Huo ugeni unaisha lini?"

Kesi ikaenda baraza la kata. Ukoo ukashinda. Ikaenda baraza la wilaya. Ukoo ukashinda tena. Mitaani wakaanza kunong'ona kwamba Bibi Mwanaheri, mjane wa siku nyingi, anamtaka shemeji yake. Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwajibu palepale sokoni, mbele ya mafungu ya njegere: "Mtu anakoroma kama mashine ya kusaga! Mdogo wangu alivumilia, Mungu amlipe. Mimi siwezi."

Akapanda lori la kabichi, yeye na Stambuli, wakashuka Morogoro Mjini kumtafuta wakili wa msaada wa kisheria. Wakili huyo, Jesca, alikuwa mgeni mkoani, na kwao wanaofukuzwa ni wanawake. Alisikiliza habari yote ya nyumba na arobaini, akaitikia kwa huruma, kisha akauliza, "Na huyo mama aliyefukuzwa, mbona hamkuja naye?" Bibi Mwanaheri akamwonyesha Stambuli. "Ndiye huyu mwenye ndevu." Jesca mwenyewe ameniambia kwamba alicheka, kisha akaona aibu, kisha akaichukua kesi.

Mbele ya Mahakama Kuu, jaji alimuuliza Bibi Mwanaheri swali gumu. Ardhi ni ya ukoo wako. Kwa nini unasimama upande wa pili? Akajibu, "Mheshimiwa, ardhi ni yetu na siigawi. Lakini huyu alimfumba macho mdogo wangu. Kumtoa nje baada ya hapo, mama yetu hakutufundisha."

Hukumu ilikuwa fupi, nami nitaisema polepole. Ardhi ibaki ya ukoo. Lakini mila haiwezi kumtoa mgane, wala mjane, katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, kwa sababu tu alizaliwa ukoo mwingine. Watu wote ni sawa mbele ya sheria. Stambuli akabaki nyumbani, na Nasra akabaki na baba yake.

Ushindi ule ulimgharimu. Ukoo ulimsusa. Ngoma za mwali zilipigwa ng'ambo ya bonde, naye, mwimbishaji mwenyewe, hakuitwa. Nasra anasema alimkuta mara nyingi amekaa uani akisikiliza, machozi yakimtoka, akiimba kwa sauti ndogo.

Kisha mke wa Mzee Pazi akafariki. Mzee naye, kama Stambuli, alikuwa amejenga kwa mkewe. Shemeji zake wakaja na maneno yaleyale ya jembe na shoka. Mwenyekiti wa baraza akawaambia, jamani, haiwezekani, kuna hukumu ya Mwanaheri.

Kesho yake Mzee Pazi alikwenda kwa dada yake, mara ya kwanza tangu kesi. Akasimama nje akiangalia chini. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe na wewe ni mgeni?" akasema Bibi Mwanaheri. "Ingia, chai iko motoni."

Msimu ule ngoma ilipopigwa, aliimbisha yeye.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Nasra, Stambuli, Mzee Pazi na ukoo mzima. Mungu ampumzishe mahali pema. Na kila mmoja wetu ajiulize nyumbani kwake ni nani anaitwa mgeni ilhali jasho lake limo kwenye kuta. Mzee Pazi alijiuliza hadharani, makaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Aliomba kusema. "Siku ya hukumu nilirudi Mgeta nimejifunika koti usoni kwa aibu," alisema. "Leo asubuhi nimeamka kwenye nyumba yangu, kwenye kitanda changu, nikaja kumzika. Namshukuru Mungu kwamba dada yangu alinishinda."