Pale Njia ya Zamani Inapoikata Lami

Jolene Tehee alikaa nyuma ya bibi kizee na bwana mmoja katika basi la Tahlequah kwenda Stilwell, akajifanya anaangalia dirishani. Masikio aliyaacha kiti cha mbele.

"Bibi, ni kibao kidogo tu cha kumbukumbu," alibembeleza bwana, mtu wa chama cha kuhifadhi njia ya zamani. "Watu wajue Wacherokee tulipitishwa hapo enzi za mababu, tukifukuzwa kwetu kwa mtutu wa bunduki."

"Shambani kwangu, hapana," alijibu bibi kizee. "Nyanya yangu alikuwa akitupeleka kuchuma zabibu mwitu, tunacheka njia nzima. Tukifika kwenye ile mifereji iliyoachwa na magurudumu ya mikokoteni ya waliofukuzwa, kimya. Hata mtoto wa mgongoni alikuwa anajua. Tukishavuka, kicheko kinaendelea. Hicho kibao chako kitamnyamazisha nani?"

"Ukifa, atakayenunua shamba ataifukia njia yenyewe kwa trekta."

"Umeshaanza kunizika?"

Basi likakaribia mahali njia ile ya zamani inapoikata lami. Bibi akanyamaza. Bwana naye, aliyekuwa na mengi, akafunga mdomo. Jolene akajikuta amebana pumzi, kama mama yake alivyomzoesha. Dereva peke yake, mgeni wa huko, aliendelea kusimulia mpira wa jana.

Walipokwisha kuvuka, bwana alimwonyesha bibi dereva kwa midomo, kama kujibu swali lake la kibao.

Basi likasimama. Bibi alishuka polepole, akamgeukia dereva mlangoni. "Mwanangu, kesho ukifika pale tulipoivuka njia ya zamani, nyamaza kidogo. Kuna watu wetu wanapita."

"Sawa, mama," alisema dereva. "Ila kesho ni zamu ya mwenzangu."