Maisha ya Bibi Darubini, Aliyewasomea Watoto Habari za Anga

Haya yameandikwa na mumewe na yanasomwa na mtoto wao wa kwanza. Watoto wameketishwa mbele kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Aliagiza pia wasidanganywe. Hilo la pili lilimshinda mumewe kwa siku mbili, na litaelezwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa mshika bendera wa stesheni na mama yake alishona sare za shule. Baba alikuwa akirudi na ratiba za treni zilizopitwa na wakati, na hizo ndizo zilikuwa vitabu vyake vya kwanza. Alijua kusoma saa kabla hajajua kuandika jina lake.

Alianza shule mwaka 1961 na kumaliza sekondari mwaka 1972. Mwaka 1973 na 1974 alikuwa chuo cha ualimu. Januari 1975 alipewa darasa la pili, watoto hamsini na wanane, na sakafu yenye mashimo.

Sakafu hiyo ndiyo iliyomleta mumewe. Yeye ni mwashi na hakusoma. Alifika asubuhi ya Jumatano, saruji imeshachanganywa. Mwalimu akasimama mlangoni.

"Fundi, nina watoto humu. Njoo Jumamosi."

"Mwalimu, saruji haijui Jumamosi."

Akawatoa watoto wote, akawafundishia barazani siku tatu. Baadaye fundi alikuja kukagua sakafu mara nne. Sakafu haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Mwaka wa pili wa ndoa alimfundisha mumewe kusoma, mezani, baada ya vyombo kuoshwa. Hakumcheka hata siku moja, isipokuwa siku ya herufi za "ng'ombe".

Mungu aliwapa watoto watatu. Wa tatu aliishi miezi mitano, akafa kwa homa mwaka 1984. Kaka yake alikuwa na miaka sita. Watu wazima walimwambia mdogo wako amelala. Basi naye akakataa kulala. Akifumba macho kidogo anashtuka, anashika shuka kwa mikono miwili. Ikafika wiki. Marehemu akamkalisha kitandani akamwambia, "Mwanangu, mdogo wako hakulala. Amekufa. Kulala ni kitu kingine, wewe ukilala utaamka." Mtoto akalia, halafu akalala mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo marehemu hakutaka kusikia mtoto anapambiwa maneno.

Mwaka 1988 redio ilitafuta mwalimu wa kusoma habari za watoto, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Habari za wanyama na za michezo zilikuwa na wenyewe. Habari za anga zilibaki, hakuna aliyezitaka. Akazichukua. Dakika saba. Watoto walimpa jina la Bibi Darubini akiwa bado kijana, na darubini yenyewe hakuwahi kuimiliki mpaka alipofika miaka hamsini na moja.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Karatasi za wanasayansi zilikuja kwa faksi, zingine zimefifia. Yeye alizigeuza ziwe maneno ya mtoto. Mwaka wa nne alikosea. Karatasi ilisema jiwe kubwa la angani litapita karibu na dunia, naye akasoma hivyo hivyo, karibu na dunia. Jumatatu dereva mmoja wa lori akaja redioni amembeba mwanawe begani.

"Mama, huyu ana siku mbili chini ya kitanda. Chakula namsukumia kwa fagio. Mwambie wewe, mimi haniamini."

Marehemu akachuchumaa. Mtoto akamuuliza, "Litaangukia kwetu au kwa jirani?"

"Haliangukii popote. Linapita mbali kuliko mwezi mara kumi na mbili."

"Sasa mbona ulisema karibu?"

Kwa wanasayansi huko ni karibu. Kwa mtoto, karibu ni dukani. Jumamosi iliyofuata alianza kipindi kwa kuwaomba watoto radhi. Mkuu wa redio alisema si lazima. Yeye akasema ni lazima.

Kuanzia hapo kila habari ilipimwa kwanza kwa mumewe, Ijumaa jioni, akinawa saruji mikononi.

"Umeelewa, Fundi?"

"Nimeelewa."

"Haya, nieleze."

"Kuna kitu kimepita."

"Kitu gani?"

"Kitu, Mwalimu. Si umesema mwenyewe."

Anachana karatasi, anaandika upya. Alisema mumewe akielewa, darasa la pili lote litaelewa. Mumewe aliona ni tusi kwa mwaka mzima, halafu akazoea, halafu akaanza kuringa. Siku ya habari ya shimo jeusi aliuliza nani amelichimba. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake swali hilo likasomwa redioni kama lilivyo, pamoja na jibu lake: halikuchimbwa, wala si shimo, ni kitu kizito mno kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki.

Siku nyingine alimchukua mumewe na uzi wake wa kujengea mpaka uwanja wa shule. Jua likawa mpira wa miguu golini. Dunia ikawa punje ya pilipili manga, hatua thelathini. Sayari ya mwisho ilivuka barabara ikafika nyuma ya gereji. Mumewe alikuwa bado ana vigingi.

"Nyota inayofuata niipigie wapi?"

"Hiyo iko ng'ambo ya bahari, Fundi. Nchi za watu."

"Kwa kipimo hiki hiki?"

"Hiki hiki."

Wakakunja uzi wakarudi nyumbani.

Alistaafu ualimu mwaka 2008. Redio hakuiacha. Figo zilianza kusumbua mwaka 2019, na kuanzia 2022 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliposhindwa kupanda ngazi za studio alijirekodi nyumbani kwa simu, amejifunika blanketi kichwani ili kelele za nje zisiingie. Mumewe alikaa mlangoni kuzuia watu. Habari yake ya mwisho ilisomwa Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, nayo ilieleza kwa nini mwezi huonekana mchana.

Siku mbili baadaye alilazwa. Akiwa wodini alimshika mumewe mkono.

"Fundi, nikifa sema nimekufa. Mtu akiwaambia watoto nimekuwa nyota, mtoe nje. Miaka thelathini na sita nawaeleza nyota ni nini."

"Nimesikia."

"Nieleze basi."

Mumewe akaeleza. Marehemu akasema vizuri.

Alifariki Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa tisa alasiri. Mumewe na binti yao walikuwepo. Hakuhangaika.

Jumanne nyumba ilijaa. Jioni mjukuu mdogo, wa miaka saba, alimfuata babu yake uani.

"Babu, bibi mdogo anasema bibi amekuwa nyota. Nikauliza ipi, akanionyesha ile pale. Jirani akasema hapana, ni hii. Na hii ya jirani si nyota, ni sayari, haimetameti. Bibi aliniambia. Sasa nani anasema kweli?"

Babu yake alijua jibu. Alimwambia, "Kamuulize mama yako."

Hapo ndipo aliposhindwa. Wenye kuonyesha walikuwa watu wazuri, wamekuja kumfariji mtoto, na yeye hakuwa na nguvu ya kumtoa mtu nje. Jumatano, giza lilipoanza kuingia, alimkuta mtoto amesimama uani na sahani ya chakula, uso juu, anakula harakaharaka. Alikuwa hajalia tangu Jumatatu. Babu akamuuliza mbona hali ndani.

"Ili bibi aone namaliza. Sijui yupo kwenye ipi, kwa hiyo naonyesha huku na huku."

Alhamisi mchana babu alimwita wakakaa kwenye ngazi.

"Bibi yako amekufa."

"Najua. Ni nyota."

"Si nyota. Figo ziliacha kufanya kazi, kisha moyo ukasimama. Mwili wake tutauzika Jumamosi. Pale juu hakuna kilichoongezeka."

"Kwa hiyo hanioni nikila?"

"Mambo ya Mungu sikuyasomea. Ila kwenye nyota hayupo, na haikuwa kazi yako kumtafuta."

Mtoto alilia muda mrefu. Babu hakumnyamazisha. Dada wa marehemu, yule bibi mdogo, alitoka ndani amekasirika.

"Shemeji, mtoto mdogo hivi! Una moyo wa zege wewe?"

"Dada yako ndiye aliyeniagiza, shemeji. Nimechelewa siku mbili."

Naye akakaa kwenye ngazi akalia, akamvuta mtoto mapajani. Akamwambia, "Mimi sikujua niseme nini, mama. Nilisema tu." Mtoto akamfuta uso kwa gauni lake.

Jioni hiyo alikula ndani, mezani, na wengine. Hakumaliza chakula, na hakuna aliyemsemesha juu ya hilo.

Watoto mlioketi mbele, aliyekuwa akiwasomea habari amekufa. Leo tunamzika. Mwenye swali amfuate mumewe baadaye. Asichokijua atasema hakijui.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume, binti, wajukuu watano, dada mmoja, na wasikilizaji ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Ametanguliwa na mtoto wake wa miezi mitano, na tunamzika karibu naye.

Karibu, kwa maana ya hatua mbili. Mumewe amepima.

Mwalimu, pumzika.